Je, Upendo Waweza Kuwekewa Nadhiri?

Kila arusi inapofungwa kanisani mwetu, bwana na bibi husimama mbele ya kasisi wakaahidi kwamba watapendana siku zote, hata mmoja wao akiugua, hata mali ikiwatoka, mpaka mmoja wao afe. Tumeyasikia maneno hayo mara nyingi mno hata masikio yameyazoea, na mawazo yetu huwa yamekwisha kufika kwenye pilau. Lakini tukiyapima tutaona ni maneno mazito sana. Mtu aweza kuahidi kulipa deni. Aweza kuahidi kufika saa mbili. Je, aweza kuahidi kupenda? Upendo si fedha iliyofungwa katika pindo la kanga, kwamba mwenyewe anajua ziko ngapi na kesho atazikuta. Aliyeahidi leo kwa machozi ya furaha, baada ya miaka kumi aweza kuamka asubuhi akakuta moyo wake mkavu.

Tulipokuwa chuo cha ualimu, mwenzetu mmoja alimwuliza mkufunzi, "Mnatuambia tuwapende watoto. Nikiamka siku moja nisimpende hata mmoja, nifanyeje?" Mkufunzi akajibu, "Siku hiyo andaa somo lako vizuri zaidi." Darasa zima tulicheka, maana tulidhani anatania. Tumefundisha miaka mingi, tumestaafu, na jibu lile bado tunalitafuna.

Basi, ndugu wasomaji, ili tusizungumze hewani tu, tutazame habari za watu walioweka nadhiri ngumu kuliko hata ya ndoa. Ni Mabruda wa Mtakatifu Yohane wa Mungu, shirika la watawa Wakatoliki ambao kazi yao ni kuuguza. Asishangae mtu kuwakuta katika gazeti la parishi ya Kianglikana. Sisi nasi tunao watawa. Masista wa Chama cha Mariamu Mtakatifu walioanzia Masasi wajulikana kwetu, kwa hiyo nadhiri si jambo la nyumba ya jirani tu. Mabruda hawa, pamoja na nadhiri tatu za kawaida, yaani ufukara, useja na utii, huweka ya nne, nayo ni ukarimu kwa wagonjwa. Maana yake ni kumtunza mgonjwa hata kama kumtunza huko kutahatarisha uhai wa mtunzaji.

La ajabu ni kwamba mtu waliyetokana naye hakuacha sheria yo yote iliyoandikwa. Jina lake la nyumbani lilikuwa João Cidade. Alizaliwa mwaka 1495 katika mji wa Montemor-o-Novo, Ureno, akaondoka kwao akiwa mtoto wa miaka minane, akakulia Hispania akichunga kondoo. Akawa askari, na mara moja nusura anyongwe kwa sababu ngawira aliyowekwa kuilinda iliibwa. Akavuka bahari mpaka Ceuta, pwani ya Afrika ya Kaskazini, akafanya kibarua cha kujenga ngome. Kisha akawa mchuuzi wa vitabu, na mwisho akafungua kiduka katika mji wa Granada karibu na lango la Elvira. Alikuwa amepita miaka arobaini, na kwa macho ya watu hakuwa amefanikiwa katika jambo lo lote.

Mwishoni mwa miaka ya 1530, siku ya Mtakatifu Sebastiani, alisikia mahubiri ya padre Juan de Ávila. Mahubiri yale yalimchoma hata akatoka mbio akilia. Vitabu vyake vya hadithi za kidunia akavirarua, vya dini akavigawa bure, kisha akazunguka barabarani akigaagaa katika matope huku watoto wakimtupia mawe. Watu wakasema ana wazimu. Wakampeleka Hospitali ya Kifalme, na dawa ya wazimu siku zile ilikuwa kamba na mjeledi. Alifungwa, akapigwa. Padre Francisco de Castro, aliyeandika habari za maisha yake katika kitabu kilichochapwa mwaka 1585, aeleza kwamba Yohane aliwakemea wauguzi kwa jinsi walivyowatendea wagonjwa wenzake, akamwomba Mungu ampe siku moja nyumba yake mwenyewe, ili awatunze maskini jinsi anavyotaka yeye.

Twapenda msomaji asimame hapa kidogo. Wale waliompiga hawakuwa majambazi. Walikuwa watumishi wa hospitali waliofanya kama walivyofundishwa, na bila shaka walilala usiku wakijua wametimiza wajibu. Sisi tulioshika fimbo darasani miaka mingi, tukiamini kwamba inaingiza akili, hatuna haki ya kuwacheka.

Alipofunguliwa akatafuta nyumba, akaanza kuwaokota wagonjwa barabarani, wengine akiwabeba mgongoni. Usiku alizunguka mjini na kapu mgongoni na vyungu viwili vikining'inia shingoni kwa kamba, akipaza sauti kwamba anayetaka kujitendea mema mwenyewe na awape maskini. Hakusema, "Nihurumieni." Alisema, "Jitendeeni mema." Ndiyo maana huko Italia mabruda wake huitwa mpaka leo Fatebenefratelli, yaani "Fanyeni mema, ndugu." Katika barua yake mojawapo iliyohifadhiwa aeleza kwamba nyumbani mwake mna watu zaidi ya 110, viwete, wenye ukoma, mabubu, wenda wazimu, wazee sana, watoto na wapita njia, na kwamba mara nyingi hathubutu kutoka nje kwa ajili ya watu wanaomdai.

Waliomfuata nao walikuwa watu wa namna yake. Antón Martín alikuja Granada kumwandama Pedro Velasco, mtu aliyemwua ndugu yake. Alitaka auawe kwa hukumu. Yohane akawapatanisha, na wote wawili, mdai damu na mdaiwa, wakaingia kuuguza wagonjwa katika nyumba moja. Anayejua jinsi ugomvi wa mpaka wa shamba unavyoweza kuwatenga majirani vizazi viwili ataelewa ukubwa wa jambo hilo.

Mwezi Julai 1549 ile Hospitali ya Kifalme alimopigwa ilishika moto. Yohane akaingia akawatoa wagonjwa. Majira ya baridi yaliyofuata alijitosa katika mto Genil kumwokoa kijana aliyekuwa akichukuliwa na maji, akapata ugonjwa ambao hakupona. Kitandani aliwaza madeni. Askofu Mkuu Pedro Guerrero alipokuja kumwona, Yohane alimkabidhi kitabu ambamo madeni yote yaliandikwa, na askofu akaahidi kuyalipa. Akafa tarehe 8 Machi 1550, akiwa amepiga magoti.

Sasa tuifikirie asubuhi ya tarehe 9. Mji mzima wajiandaa kwa mazishi. Lakini katika ile nyumba wamo wagonjwa wamelala, na kati yao wako wasioweza kujigeuza. Nani atawapelekea uji? Aliyewapenda amekufa. Yeye hakuhitaji nadhiri, maana moyo wake ulikuwa ukiwaka moto. Lakini moto ule ulikuwa wake, na sasa umezimika duniani. Wagonjwa hawawezi kungoja mpaka Mungu ainue mtu mwingine wa namna ile. Wana njaa leo.

Walioleta uji walikuwa Antón Martín na wenzake. Hatudhani kwamba wote walijisikia kama Yohane. Pengine mmoja alikuwa na uchovu, mwingine na shaka. Lakini walibaki. Antón Martín alikwenda baadaye kuanzisha hospitali Madrid, akafa mwaka 1553, na hata leo kiwanja kimoja cha mji ule chaitwa kwa jina lake. Mwaka 1572, miaka 22 baada ya kifo cha Yohane, Papa Pius wa Tano alilikubali shirika lao na kuwapa kanuni ya Mtakatifu Augustino, na mwaka 1586 Papa Sixtus wa Tano akaliinua liwe shirika kamili la watawa. Kwa maoni yetu nadhiri ile haikuzaliwa katika karatasi za Roma. Ilizaliwa asubuhi ile ya uji.

Kuna watu ambao hapa husikitika. Husema kwamba mambo ya Mungu huanza na mtu mwenye moto na kuishia na kamati yenye katiba na muhuri. Hata sisi tumekaa katika vikao vya parishi vya kutosha kujua kwamba lawama hiyo ina ukweli. Lakini tukumbuke mgonjwa anataka nini. Mgonjwa wa siku nyingi hasumbuliwi na maumivu tu, anasumbuliwa pia na swali asilothubutu kulitamka, "Je, kesho watakuja?" Atazama uso wa mwanawe au mkewe, atafuta dalili ya kuchoka. Mtu akimtunza kwa sababu leo moyo wake umeguswa, mgonjwa hushukuru, lakini halali. Akijua kwamba mtu huyu amejifunga, na kwamba atakuja akiwa na furaha au bila furaha, hapo hulala. Kumbe nadhiri haiwekwi ili mwekaji ajisikie mtakatifu. Huwekwa ili mwingine alale usingizi.

Nadhiri ya mabruda ilijaribiwa mbele ya macho ya dunia mwaka 2014. Walikuwa na Hospitali ya Kikatoliki ya Mtakatifu Yosefu mjini Monrovia, Liberia, na Ebola ilipoingia mji ule hospitali nyingi zilifungwa. Mkurugenzi, Bruda Patrick Nshamdze kutoka Kameruni, aliugua. Kipimo cha kwanza kilionyesha kwamba hana Ebola, kumbe anayo. Wenzake walimwuguza kama ndugu, nao wakaambukizwa. Yeye alikufa tarehe 2 Agosti. Sista Chantal Pascaline, mzaliwa wa Kongo, alikufa tarehe 9. Bruda George Combey wa Ghana tarehe 11. Na Bruda Miguel Pajares, padre Mhispania wa miaka 75, alikufa tarehe 12 baada ya kupelekwa kwao Madrid kwa ndege. Mwezi uliofuata alikufa Bruda Manuel García Viejo, daktari, aliyeambukizwa huko Lunsar, Sierra Leone. Hospitali ya Monrovia ilifungwa, lakini kabla mwaka haujaisha ikafunguliwa tena.

Hata hivyo tusiwe wepesi kusema kwamba ni nadhiri iliyowafanya wabaki. Katika hospitali ile ile walikufa pia wafanyakazi ambao hawakuwa watawa, watu wenye mshahara na watoto nyumbani. Huko Madrid muuguzi Teresa Romero, aliyejitolea kumhudumia García Viejo, aliambukizwa pia, na kwa neema ya Mungu akapona. Tena karibu zaidi na kwetu, huko Gulu, Uganda, mwaka 2000, Daktari Matthew Lukwiya alikuwa Mprotestanti akiiongoza hospitali ya Wakatoliki ya Lacor wakati wa Ebola. Wauguzi wenzao walipoanza kufa, waliosalia waliingiwa na hofu wakakusanyika. Aliwaambia kwamba anayetaka kuondoka ana ruhusa, lakini yeye haondoki. Wengi wakabaki. Yeye alikufa tarehe 5 Desemba mwaka ule. Hakuwa bruda, alikuwa na mke na watoto.

Kwa hiyo upendo waweza kubaki bila nadhiri. Je, nadhiri yaweza kubaki bila upendo? Hapa twafika mahali ambapo tungependa kupita haraka, lakini haifai. Mwaka 1955 mabruda wa shirika hili hili walikwenda New Zealand wakaendesha shule ya Marylands katika mji wa Christchurch, kwa ajili ya wavulana wenye ulemavu wa akili na wenye shida ya kujifunza. Waliiendesha mpaka mwaka 1984. Mwaka 2023 tume ya serikali iliyochunguza mateso ya watoto ilitoa taarifa yake. Kati ya wavulana 537 waliopita pale, 118 walitoa habari kwamba walidhulumiwa, wengi wao kwa zinaa. Kati ya mabruda 37 waliotumika huko, 21 walilalamikiwa. Nchini Australia nako tume nyingine ilikuwa imekwisha kuonyesha mwaka 2017 kwamba kwa asilimia ya mabruda waliolalamikiwa shirika hili lilizidi yote.

Tulipoyasoma haya mara ya kwanza tuliiweka karatasi chini. Wote wale walikuwa wameweka nadhiri ya nne. Walikuwa wamesoma habari za Yohane na vyungu vyake. Na yale tuliyosema juu kuhusu mgonjwa anayelala kwa sababu ajua kwamba kesho watakuja, hebu yasomwe tena kwa masikio ya mtoto wa Marylands. Yeye pia alijua kwamba kesho watakuja.

Asinyoshe Mwanglikana kidole. Mwezi Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alitangaza kujiuzulu baada ya taarifa kuonyesha jinsi Kanisa la Uingereza lilivyoshindwa kumzuia mtu aliyewapiga na kuwatesa vijana kwa miaka mingi, kwanza Uingereza, kisha akahamia Zimbabwe na kuendelea na maovu yake huko. Naye alijulikana kama mtu wa dini sana.

Basi tulikosea wapi katika hoja yetu? Twaona kwamba nadhiri humfunga anayeiweka, lakini papo hapo humpa heshima, na heshima hiyo huwaziba watu midomo. Nani atamsadiki mtoto asiyeweza kusema sawasawa, akimshtaki mtu aliyeacha yote kwa ajili ya Mungu? Yohane alifanya kazi yake barabarani. Granada nzima ilimwona akiomba, ilijua nani kalala nyumbani mwake, na wenye kumdai walibisha hodi wapendapo. Alipokuwa akifa alimpa mkubwa wake kitabu ili kila kitu kisomwe. Lakini waliokuja baadaye walijenga kuta na lango, na ndani ya lango mlikuwamo watoto wasio na wa kuwasemea. Nadhiri ilikuwa ile ile, ila kitabu kilifungwa.

Hili latugusa hata katika ndoa tulizoanza nazo. Tumeketi zaidi ya mara moja barazani na mama aliyepigwa na mumewe, naye anauliza kama ahadi ya madhabahuni yamlazimu kurudi. Tuliwahi kumwambia mmoja wao arudi, avumilie. Tulidhani tunailinda nadhiri. Leo tusingesema hivyo. Kama nadhiri ya upendo iliwekwa ili aliye dhaifu alale usingizi, basi kuitumia kumrudisha dhaifu kwa anayemnyima usingizi ni kuigeuza juu chini. Aliyeivunja ni yule aliyeinua mkono, na wala si yule aliyekimbia na watoto usiku. Mama yule alirudi kwa sababu yetu, na hatukuwahi kumwomba radhi kabla hajahama na kwenda mbali.

Na mkufunzi wetu je? Sasa twaona kwamba hakuwa akitania. Hakumwambia mwenzetu alazimishe moyo wake kuwapenda watoto, maana moyo haupigwi amri. Alimwambia afanye kwa uangalifu zaidi, siku ile hasa ambayo moyo hauko, lile ambalo mtoto angelipata kama moyo ungelikuwako. Hilo laweza kuahidiwa. Tena laweza kukaguliwa, maana andalio la somo huandikwa kwenye daftari na mkuu wa shule hulisoma na kutia saini. Siku zile tuliona kutia saini huko ni udhia mtupu.

Katika parishi yetu wapo wanaowatembelea wagonjwa majumbani, kumwosha mzee ambaye watoto wake wako mjini, kumpikia mama asiyeweza kuinuka. Wengine wameifanya kazi hiyo miaka mingi bila kuitiwa jina kanisani. Imependekezwa katika baraza kwamba wawekwe wakfu kwa ibada maalumu na kupewa ahadi ya kutamka. Sisi twaunga mkono. Lakini twaomba vilevile kwamba waende wawili wawili, kwamba kila nyumba iwe na daftari dogo la kuandika siku waliyofika na kazi waliyofanya, na kwamba kasisi apite mara kwa mara, aketi na mgonjwa peke yake mlango ukiwa wazi, amwulize jinsi anavyotunzwa, na kama mgonjwa ni mzito wa kusema, asiondoke upesi.